Habari za Wayahudi Waliohamia Elisabethville, Mji wa Shaba wa Katanga

Katika shule zetu neno Myahudi hutamkwa karibu kila siku, walakini wanafunzi walisikiapo hufikiri watu wa kale peke yao: Ibrahimu na makundi yake, Musa na mbao za mawe, wavunja fedha waliofukuzwa hekaluni. Kijana mmoja wa Ilemba alipata kutuuliza kama Wayahudi wangaliko duniani, au kama walikwisha kama walivyokwisha Wafilisti. Tulimjibu kwamba wako, lakini tulipojaribu kumweleza tuliona haya, kwa kuwa jibu letu lilianza Yerusalemu likaishia Ulaya, wala halikugusa nchi yoyote aliyoijua yeye.

Baadaye tulitambua kwamba hatukuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Mtu akisimama Kirando ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, nchi iliyo ng'ambo ya maji ni Kongo. Ziwa hilo halikupata kuwa ukuta: Karema upande wetu na Mpala upande wa pili vyote vilikuwa vituo vya chama cha Mfalme Leopold, vikakabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Na ukiendelea kusini katika nchi hiyo ya ng'ambo utafika mji ambao Wayahudi walikaa tangu kuzaliwa kwake, wakafanya biashara kwa Kiswahili, wakajenga sinagogi, wakazika wafu wao. Mji huo uliitwa Elisabethville, na tangu mwaka 1966 huitwa Lubumbashi.

Yatupasa kueleza habari zao kwa utaratibu: asili yao, safari yao, kazi na cheo chao, desturi zao, na kutawanyika kwao. Neno moja tunamwomba msomaji alishike tangu mwanzo: watu hawa hawakuletwa na serikali wala na chama, bali kwa barua za ndugu, na kwa wengi wao barua hiyo ndiyo iliyotenga uhai na kifo.

1. Mji wenyewe

Ufipa ni nchi iliyojua tangu kale kazi ya kuyeyusha madini, na yale matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu ni ushahidi wa ufundi wa wazee. Katanga nako watu walijua kuyeyusha shaba. Waliisubu katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha katika nchi nyingi za ndani. Shaba hiyo iliwavuta wageni kabla ya Wazungu. Msiri, aliyefanya ufalme wake Bunkeya, alikuwa mtu wa asili ya Usumbwa, magharibi ya Tanganyika. Watu wake wakaitwa Wayeke, na pamoja na misafara ya namna hiyo Kiswahili kiliingia Katanga. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na maofisa waliotumwa kuitwaa nchi kwa jina la Mfalme Leopold.

Mwaka 1906 liliundwa shirika la Union Minière du Haut-Katanga ili kuchimba madini hayo. Mwaka 1910 reli itokayo kusini, kutoka Afrika ya Kusini kupitia Rhodesia, ilifika karibu na mto Lubumbashi. Mji ukapimwa hapo, ukapewa jina la Elisabeth, malkia wa Wabelgiji. Katikati ya mwaka 1911 tanuru la kwanza likatoa shaba. Basi tuangalie vema: huu haukuwa mji wa kale uliopata kiwanda, bali kiwanda kilizaa mji. Wenyeji wa asili wa mahali hapo walikuwa wachache. Wengine wote, mweusi na mweupe, walikuja: vibarua kutoka Luapula, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na tangu miaka ya 1920 kutoka Ruanda-Urundi, Wabelgiji wa ofisi, Waingereza wa reli, Wagiriki, Waitalia na Wareno wa maduka, na Wayahudi.

2. Asili yao

Wayahudi wa kwanza wa mji huu walitoka Ulaya ya Mashariki, nao walipanda kutoka Afrika ya Kusini na Rhodesia wakiifuata reli. Lakini haikupita miaka mingi wakazidiwa kwa wingi na Wayahudi wa namna nyingine, waliotoka katika kisiwa kimoja cha bahari ya Kati. Kisiwa hicho ni Rhodes. Mwalimu akifungua Matendo ya Mitume, sura ya 21, atakikuta kwa jina la Rodo, katika safari ya Mtakatifu Paulo kwenda Yerusalemu. Wala kisichanganywe na Rhodesia, ambayo ilipata jina lake kwa Cecil Rhodes, wala haina uhusiano na kisiwa.

Mababu wa Wayahudi wa Rhodes walikuwa wenyeji wa Hispania. Mwaka 1492 wafalme wa nchi hiyo, Ferdinando na Isabela, walitoa amri kwamba Myahudi asiyekubali ubatizo aondoke. Tunalitaja jambo hili bila kulipamba, kwa kuwa waliolitenda walidhani wanaitumikia imani yetu. Wengi wa waliofukuzwa walipokewa katika dola ya Waturuki. Waturuki walipokitwaa kisiwa cha Rhodes, mwishoni mwa mwaka 1522, Wayahudi hao wakaanza kukaa humo, na sinagogi yao iitwayo Kahal Shalom, iliyojengwa mwaka 1577, ingali imesimama hata leo.

Lugha yao yafaa kuangaliwa na sisi tupendao elimu ya lugha. Walikwenda na Kihispania cha zamani, wakakitunza zaidi ya miaka 400 mbali na Hispania, wakakichanganya na maneno ya Kiebrania, Kituruki na Kigiriki, nao wakakiandika kwa herufi za Kiebrania. Lugha hiyo huitwa Ladino. Anayejua jinsi mabibi na mabwana wa pwani yetu walivyoandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hatashangaa: watu huandika lugha ya nyumbani kwa herufi za kitabu chao kitakatifu.

Tangu miaka ya kwanza ya karne ya 20 shule ya chama cha Alliance Israélite Universelle iliwafundisha vijana wa kisiwa Kifaransa. Nacho kisiwa kilikuwa maskini. Mwaka 1909 serikali ya Waturuki iliwatia katika askari hata vijana wasio Waislamu. Mwaka 1912 Waitalia wakakitwaa kisiwa, na biashara ya kale na bara la Anatolia ikaharibika. Basi kulikuwa na vijana wengi, wasio na kazi, wenye kujua Kifaransa. Na kulikuwa na mji mpya Afrika uliotawaliwa kwa Kifaransa. Ilibaki mtu wa kuwaonyesha njia.

3. Jinsi walivyokuja

Hapa tunapenda kuweka mambo mawili mbele ya msomaji ayalinganishe. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kwa kinywa cha waziri Joseph Chamberlain, iliwaambia viongozi wa Wazayuni kwamba ingeweza kuwapa Wayahudi nchi Afrika ya Mashariki, katika nyanda za juu za Uasin Gishu, ambazo sasa ni Kenya. Jambo hili huitwa mpango wa Uganda, ingawa nchi yenyewe haimo Uganda. Lilijadiliwa mjini Basel kwa machozi na ugomvi. Wajumbe wakatumwa kuikagua nchi. Na mwaka 1905 mkutano mkuu ukalikataa. Zilibaki karatasi.

Huko Katanga hapakuwa na waziri wala mkutano. Kijana mmoja alitangulia, na miongoni mwa waliotangulia jina la Benatar hutajwa daima. Alipopata duka, alimwandikia ndugu yake. Ndugu akaja akafanya kazi dukani kwake mpaka alipoweza kusimama mwenyewe. Ndipo naye akamwandikia shemeji au mtoto wa shangazi. Kijana alipotaka kuoa, aliandika nyumbani atafutiwe mchumba, na msichana akapanda meli akaja kuolewa na mtu ambaye pengine alimjua kwa picha tu. Kwa njia hiyo mtaa mmoja wa kisiwa cha Rhodes ulihamia kidogo kidogo katika mji wa shaba, jamaa kwa jamaa.

Walimu wetu wataitambua njia hii mara moja. Vijana wetu waliokwenda zamani kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga au kwenye migodi ya kusini hawakufuata tangazo. Walifuata jina la mtu wa kijijini kwao aliyekuwa huko tayari. Hati ya serikali huweza kufungua nchi, lakini mtu hutoka kwao akijua nyumba atakayolala usiku wa kwanza.

4. Kazi zao na cheo chao

Kazi ya wengi ilikuwa duka. Wabelgiji waliotoka kwao kwa mkataba walikaa katika ofisi za serikali na za Union Minière. Biashara ndogo ya nguo, blanketi, sufuria na chumvi, ambayo mnunuzi wake ni kibarua mwenye mshahara mdogo, waliwaachia Wagiriki, Wareno na Wayahudi. Kwa hiyo Myahudi wa Elisabethville alikutana na Mwafrika mezani pa duka kutwa nzima, na lugha ya meza hiyo ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili hicho kina historia yake. Katika miaka ya kwanza ya mji, Kiingereza na lugha za kusini zilikuwa na nguvu kwa sababu ya reli. Wakubwa wa Kibelgiji hawakupenda hali hiyo, wakiogopa Waingereza wasije wakaivuta Katanga kwao. Na hii ni moja ya sababu zinazotajwa za Kiswahili kupewa nafasi ya kuwa lugha ya kazi. Basi mtu aliyezaliwa katika Ladino, akasoma kwa Kifaransa, akasali kwa Kiebrania, alipata riziki yake kwa Kiswahili. Moïse Rahmani, alipoandika kitabu chake juu ya Wayahudi wa Kongo, kilichotoka mwaka 2002, alikiita Shalom Bwana: salamu ya Kiebrania na neno la heshima la Kiswahili katika jina moja. Neno hilo bwana lakumbusha pia nani alimwita nani hivyo.

Maana juu ya cheo hatuna budi kusema kweli yote. Wazee wa Ufipa husimulia habari za wanawake wageni waliofika Milansi wakapata ufalme wa nchi, na mwenye Milansi akabaki na heshima ya ibada. Wageni wa Rhodes hawakupata ufalme wowote. Walipofika, kiti kilikuwa kimekwisha kukaliwa na Mbelgiji, naye aliwahesabu kuwa weupe wa daraja la pili, pamoja na Wagiriki na Wareno. Lakini daraja la pili la weupe lilikuwa juu ya daraja la kwanza la weusi. Mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu upande mmoja, Waafrika katika mitaa yao, na uwanda mtupu katikati, na Myahudi alilala upande wa Wazungu. Tarehe 9 Desemba 1941 vibarua wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mishahara walikusanyika uwanjani, askari wakapiga bunduki, watu wengi wakafa. Wenye maduka hawakuitoa amri ile. Walakini kila duka la mji liliishi kwa mshahara wa watu wale.

Wengine kati yao walitoka katika duka dogo wakafikia biashara ya jumla, viwanda na majumba. Wengine walikwenda mbali na mji, hata Luapula na Ziwa Mweru, wakafanya biashara ya samaki waliolisha migodi. Mmoja wa hao alikuwa Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes, aliyezaa na mama wa ukoo wa kifalme wa Kazembe. Mtoto wao, Moïse Katumbi, alizaliwa mwaka 1964, akawa gavana wa Katanga tangu mwaka 2007 hata 2015. Twalitaja jina hili kwa kuwa linajulikana na watu wote, na kwa kuwa laonyesha kwamba mstari wa rangi, ingawa ulichorwa kwa nguvu, haukuzuia damu kuchanganyika.

5. Dini na desturi zao

Karibu na mwaka 1930 walimaliza kujenga sinagogi yao, jengo zuri la katikati ya mji. Walisali humo kwa taratibu za Wayahudi wa Hispania, na wale wachache wa Ulaya ya Mashariki wakasali pamoja nao. Mwaka 1937 alifika rabi kijana, Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes, aliyesoma katika chuo cha marabi cha kisiwa hicho. Alikuwa na umri wa miaka 22. Akakaa katika huduma hiyo hata mwaka 1991, akawa mkuu wa marabi wa Kongo, Ruanda na Burundi. Mapadre na wachungaji wanaojua ugumu wa kukaa na kundi moja katika amani na fujo watafahamu maana ya miaka hiyo zaidi ya 50.

Desturi zao mbili tu tutazitaja. Ya kwanza ni Sabato. Waswahili huhesabu juma kuanzia siku baada ya Ijumaa, wakaiita Jumamosi, yaani siku ya kwanza. Nayo hiyo hiyo kwa Myahudi ni siku ya saba, siku ya pumziko. Kwa hesabu ya dini pumziko laanza Ijumaa jua linapokuchwa, saa ambayo mwenye duka hutazamia wanunuzi wengi. Kila mwenye duka alipaswa kuchagua, na si wote waliochagua namna moja.

Ya pili ni majina. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki huogopa kumpa mtoto jina la babu aliye hai. Bali hawa wa Rhodes huona ni heshima kubwa kumwita mtoto kwa jina la babu yake akiwa hai, aisikie sauti ya jina lake nyumbani. Makabila yetu mengi yatawaelewa hawa wa Rhodes bila kufafanuliwa. Ndiyo sababu majina ya Elisabethville yalikuwa yale yale ya kisiwani, yakirudi kizazi baada ya kizazi.

6. Mwaka 1944

Mwaka 1938 serikali ya Italia ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Chuo cha marabi cha Rhodes kikafungwa, na watu wengi wakaondoka kwenda kwa jamaa zao, Kongo, Rhodesia na Marekani. Wasio na jamaa wa kuwaita, na wazee wasiotaka kuacha makaburi, walibaki.

Mwaka 1943 Wajerumani walikitwaa kisiwa. Julai 1944 Wayahudi waliitwa wakusanyike. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alisimama mbele ya Wajerumani akadai watu wa serikali yake na jamaa zao, akaokoa zaidi ya 40. Waliobaki, pamoja na wale wa kisiwa cha Kos, zaidi ya 1,700 jumla, walitiwa merikebuni tarehe 23 Julai, wakasafirishwa kwa bahari na kwa gari moshi katika joto na kiu, wakafika Auschwitz tarehe 16 Agosti. Wengi wao waliuawa kwa hewa ya sumu siku hiyo hiyo. Waliookoka hata mwisho wa vita walikuwa wapatao 150.

Basi tukirudi kwenye barua zile, tutaona uzito wake. Kijana wa mwaka 1920 alipomwandikia ndugu yake kwamba njoo, duka lina nafasi, hakuwaza ila faida na upweke wake. Hakujua kwamba anamtoa mtu mautini. Wala yule aliyechelewa kuandika, au aliyesema mwakani mambo yakitengemaa, hakujua anamwacha nani. Katika sinagogi ya Elisabethville palikuwa na watu waliosomewa sala za wafu kwa baba, mama, dada na watoto wa dada, kwa siku moja, bila kaburi hata moja. Na baadhi ya wale 150 walikuja Kongo, maana kwao hapakuwa na mtu tena, na ndugu walikuwa hapa.

7. Kutawanyika kwao

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wayahudi wa nchi nzima walikadiriwa kuwa kama 2,500, na sehemu kubwa yao ilikaa Elisabethville. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi peke yake; vita vikafuata hata Januari 1963. Wengi waliondoka, wakaenda Ubelgiji, Afrika ya Kusini, Rhodesia na Israeli. Mwaka 1973 Rais Mobutu aliamuru maduka na mashamba ya wageni yapewe raia. Mwaka 1991 askari na watu wakapora miji. Kila mara waliobaki walipungua. Siku hizi waliomo Lubumbashi ni wachache mno, ingawa sinagogi ingalipo.

Hata kuondoka kwao kulifuata njia ile ile ya kuja: ndugu aliyetangulia Brussels au Cape Town aliandika kwamba nyumba ipo, na wengine wakafuata.

Mithali yasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji wa shaba hatuwezi kusema kwamba mwenyeji alipona, kwa kuwa taratibu za mji hazikumtaka apone. Walakini mgeni wa Rhodes alipona kwa kuwa palikuwa na mlango Afrika uliokuwa wazi alipouhitaji. Mambo haya mawili yote ni kweli, na mwalimu asiseme moja akaficha la pili.

Kijana wa Ilemba alipotujia tena, tulimwambia hivi: Wayahudi wangaliko. Baadhi yao waliuza blanketi ng'ambo ya ziwa lako kwa lugha unayoisema. Walikuwa na baba na mama katika kisiwa alichopita Mtakatifu Paulo, na hao waliuawa katika karne iliyopita, babu yako alipokuwa hai. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hao wengine hawakuandikiwa barua. Swali hilo twawaachia walimu wenzetu, maana sisi tulishindwa kulijibu.